Naomba ushauri: Majilio na watoto, tukiwa safarini

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, yameanza na Padre ameshavaa zambarau, ila kwangu Desemba ni nauli ya Moshi, sare za Januari na nani atanunua mbuzi. Watoto wanajua Noeli ni nguo mpya, basi. Nimetengeneza shada la mishumaa minne, mmoja kwa kila Jumapili ya Majilio. Tulipowasha wa kwanza, mdogo akaupuliza akidai keki iko wapi! Mume wangu ni Mlutheri, hana neno, tunasali pamoja.

Sasa novena ya Noeli, zile sala za siku tisa, inaanza tarehe 16 na sisi tarehe 20 tuko barabarani. Mnaosafiri na familia, mnaiendelezaje? Sala gani fupi inawashika watoto? Na kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, niwahi huku mjini au nisubiri foleni za kijijini?