Naomba ushauri: utafiti wa sanaa ya wafanyakazi wahamiaji, Beijing

Habari zenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu Picun, kijiji cha pembezoni mwa Beijing ambako wafanyakazi waliotoka mikoani walifungua makumbusho yao mwaka 2008: vibali vya ukaazi wa muda, barua, vifaa vya kazi. Yalifungwa 2023, na hilo limeniuma sana. Nimeongea na wakazi wachache. Kichina changu kinatosha kwa mazungumzo, ila mashairi yao yananishinda.

Aliyewahi kufanya utafiti wa aina hii anisaidie: nitafute mkalimani, au nirekodi kwanza nitafsiri baadaye? Na majina niyafiche hata kama mtunzi mwenyewe anataka atajwe? Hapo ndipo nimekwama zaidi, maana kumficha msanii naona ni kumnyima kazi yake.