Mjadala: Anayeanza akiomba maoni ya miksi yake ya taarab, aambiwe kasoro zote au chache?

Kibarua wa Sauti
Wadau, juzi kijana ameweka humu jukwaani wimbo wake wa taarab aliourekodi chumbani kwa maiki moja: mwimbaji, fidla tatu (mpigaji mmoja kapiga mara tatu), ganuni (ile ya waya nyingi), kinanda, besi na ngoma ya dumbak. Akaomba maoni ya miksi, yaani alivyochanganya sauti. Desibeli akamshushia kasoro kumi na nne kwa mkupuo, na tangu hapo kijana kimya. Nauliza: anayeanza aambiwe yote hadharani, au achaguliwe mawili matatu?

Mimi nasema matatu, kila moja na dakika yake na kitu cha kujaribu. Kumwambia "miksi ina ukungu" ni kumwacha palepale. Mwambie hivi: "Kuanzia 1:12 mkono wa kushoto wa kinanda na besi vinagombania 80 hadi 120 Hz (mitetemo kwa sekunde). Zima mkono wa kushoto, sikiliza kibwagizo chote, kisha amua." Hilo analifanya usiku huohuo.

Desibeli
Kaomba maoni, hakuomba kubembelezwa. Kwa wasioisoma orodha yangu, haya ndiyo makubwa. Limita, ile ya kuzuia vilele vya sauti, kwenye masta (wimbo mzima) inabana karibu desibeli 8, "tak" ya dumbak haina ncha tena. Fidla hazijakatwa chini, wakati waya mnene wa fidla ni G, kama 196 Hz, kwa hiyo kilichoko chini ya 180 ni feni na miguu ya watu. Rivebu, yaani mwangwi, ya sekunde 3 imepakwa kila kitu, ubeti wa pili maneno hayashikiki. "S" zinachoma, ashughulikie 6 hadi 8 kHz. Na mwimbaji yuko chini ya noti kila akigusa noti ya tatu ya ngazi, tena si kidogo, karibu senti 50 (semitoni moja ni senti 100). Amwekee Auto-Tune, ile plagini (programu) ya kunyoosha noti, yaishe.

Lipi hapo ni uongo?

Bint Fidla
La mwisho. Hiyo ni rast, maqamu (mfumo wa noti) ya Kiarabu, ndugu yangu. Noti ya tatu na ya saba kwenye rast hukaa katikati, si kubwa si ndogo. Ukianzia C, E na B zinashuka kama robo ya toni, na senti 50 uliyopima ndiyo hiyo robo. Mwimbaji yuko mahali pake, wewe ndiye uliyempima kwa rula ya piano.

Na hiyo Auto-Tune itaharibu zaidi. Noti iliyo katikati kabisa ya E na E bemoli, plagini yenye ngazi ya noti 12 haijui iivute wapi. Silabi moja itaipeleka juu, inayofuata chini, na mwimbaji atasikika anatetemeka kama mgonjwa wa homa.

Desibeli
Dada, rast naijua. Kama ni rast, mbona kinanda kinapiga E kamili chini yake? Sikiliza 1:12 hadi 1:40. Mwimbaji huku, kinanda kule. Msikilizaji wa kawaida hasikii maqamu hapo, anasikia mtu aliyetoka nje ya noti. Na taarab ya kisasa imebebwa na vinanda miaka chungu nzima, sijasikia mtu akililia robo.

Maalim wa Udi
Ugomvi umeusikia sawasawa, Desibeli, ila umemkamata asiye na kosa. Kinanda ndicho kilichokosea.

Kutofautisha maqamu na sauti iliyoteleza si kazi kubwa. Chukua traki ya mwimbaji peke yake. Tafuta kila mahali anapotua kwenye noti ya tatu, tazama senti zake. Zikikaa pamoja, tuseme kati ya 40 na 55 chini ya E, mishororo yote, huyo anaimba anachokijua. Zikitawanyika, hapa 10, pale 70, kule juu ya noti, basi hajaishika na arudie kuimba. Kisha sikiliza fidla: zikitua naye pamoja, shahidi wa pili huyo. Kwenye wimbo huu fidla zote tatu ziko naye. Na ganuni pia, maana yule mpigaji kaviinua vile vyuma vidogo vya upande wa kushoto kabla ya kuanza, unasikia tangu bashraf, ule utangulizi wa vyombo.

Utakuja kumwambia mtu aliyefanya yote hayo aweke Auto-Tune?

Mwana Mvita
Hapa ndipo mnaponiudhi watu wa Unguja. Mnazungumza kama taarab ni rast na ganuni tu. Mombasa kuna taarab ya mahadhi ya Kihindi, tabla na hamoniamu, na hamoniamu ina noti kumi na mbili zilizofungwa, robo utaitoa wapi? Hiyo si taarab?

Bint Fidla
Hakuna aliyesema si taarab. Wimbo tunaoujadili una ganuni na fidla kwenye rast. Ungekuwa wa hamoniamu tungeupima kwa hamoniamu.

Mwana Mvita
"Tungeupima kwa hamoniamu", baada ya kusema rula ya piano ni kosa. Ikhwani Safaa yenyewe, klabu yenu ya taarab iliyoanza miaka ya ishirini huko, ilikuwa na kodiani. Kodiani ya kawaida ina robo?

Maalim wa Udi
Ikhwani Safaa ni 1905. Na mvutano huuhuu wa vyombo vya noti zilizofungwa ni wa zamani. Kwenye Kongamano la Muziki wa Kiarabu, Kairo 1932, wataalamu walibishana juu ya robo za toni na kama piano iingizwe kwenye muziki wao. Haya si mapya, wala hayataisha leo.

Desibeli
Siti binti Saad kaenda Bombay 1928 akaimba mbele ya pembe ya kurekodia, hakuna ekwalaiza ya kukata wala kupandisha masafa, hakuna kitu, na bado tunamsikiliza. Nyie mmekazania senti.

Chekecha
Mwaka 1928 pembe ilikuwa imekwisha pitwa. Kampuni kubwa zilianza kurekodi kwa maiki na umeme 1925. Halafu mfano huo unakupinga mwenyewe: pasipo ekwalaiza, uwiano ulipatikana kwa kupanga nani akae karibu na nani akae mbali. Mpangilio ulikuwa ndiyo miksi. Na hicho ndicho hakuna aliyemwambia kijana, mmekaa na senti.

Sikilizeni 2:05. Fidla tatu, ganuni, mkono wa kulia wa kinanda na mwimbaji, wote wako oktava moja, wote wanapiga mstari uleule. Hakuna ekwalaiza ya kutenganisha vyombo sita vinavyosema neno moja kwa wakati mmoja. Ukikata 3 kHz kwenye fidla ili maneno yasikike, fidla zinakuwa za mbao. Ukimpandisha mwimbaji desibeli 3, anaelea juu ya bendi kama amebandikwa. Dawa iko kwenye karatasi, kwenye mpangilio. Mwimbaji akiwa katika kipande, fidla moja tu imfuate, tena chini. Ganuni inyamaze, ijibu mwisho wa mshororo, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Fidla zote tatu zije kwenye kiitikio. Nusu ya orodha ya Desibeli itapungua yenyewe kabla hajagusa plagini.

Kwa hiyo, Kibarua, sikubaliani na "matatu" yako pia. Idadi si hoja, hoja ni mfuatano. Mpangilio kwanza, kurekodi pili, uwiano wa sauti tatu, ekwalaiza na kompresa (ya kubana sauti) baadaye, limita mwisho kabisa. Ukimpa mtu dawa ya "s" wakati ubeti mzima ataurekodi upya, umempotezea usiku.

Kibarua wa Sauti
Hilo nalichukua, ila hadharani ndipo penye shida. Mwimbaji wa huo wimbo naye anasoma humu. "Yuko chini ya noti" imesomwa na watu wote, na wengi hawatarudi kusoma kwamba ilikuwa rast. Lenye kugusa sauti ya mtu liulizwe kwanza: "Hapa umekusudia rast?" Swali moja tu, lingetuokoa yote haya.

Desibeli
Tukiuliza kila kitu hatutasema kitu. Limita niulize kama kaikusudia? Rivebu ya sekunde 3 kaikusudia? Mengine ni kosa, na anayekwepa kulitaja anamdanganya mwenzake. Nimeona nyimbo zimetoka hivihivi kwa sababu kila mtu kasema "kazi nzuri kaka, endelea".

Bint Fidla
Hapo niko nawe. "Kazi nzuri" isiyo na neno jingine ni kumtelekeza mtu.

Chekecha
Rivebu iulizwe, ndiyo. Wapo wanaotaka ukumbi mkubwa. Ukishajua anataka ukumbi, unampa njia: rivebu ya sekunde 1.8, icheleweshwe milisekunde 30 ili konsonanti zipite kabla mkia haujaanza, na mkia ukatwe chini ya 250 Hz. Besi na dumbak visiguswe nayo kabisa. Ukumbi anaupata na maneno yanabaki.

Na tunaotoa maoni tujibane nasi. Ukilinganisha miksi yake na wimbo uliotoka studio, shusha ule wa studio mpaka zilingane kwa sikio, maana chenye sauti kubwa mara nyingi huonekana bora. Mwambie atume WAV isiyo na limita, kilele kisizidi desibeli -6. Wengine mmetoa hukumu ya besi kwa spika ya simu. Waya wa chini wa besi ni 41 Hz, simu haifiki karibu na hapo.

Mwenye Wimbo
Asanteni nyote. Rast nimeikusudia, na dada aliyeimba amesoma. Nimezima kinanda chote kutoka 1:12 na noti ya tatu imetulia, hata wasiojua maqamu hapa nyumbani hawaulizi tena. Lakini kibwagizo kimebaki kitupu. Kinanda changu hakina robo. Nikirudishe vipi?

Maalim wa Udi
Umekirekodi kama MIDI (maelekezo ya noti tu) au kama sauti?

Mwenye Wimbo
MIDI.

Maalim wa Udi
Basi rahisi. Tengeneza traki ya pili yenye ala ileile ya kinanda. Hamishia huko E zote na B zote, zisibaki hata moja kule kwa kwanza. Kwenye traki hiyo ya pili weka pichi bendi, ile ya kupindisha noti, -2048 tangu mwanzo wa wimbo, bila kuigusa tena. Bendi ya kawaida hufika semitoni mbili kwa thamani 8192, kwa hiyo 2048 ni robo yake, yaani senti 50. Kama ala yako imewekewa bendi ya semitoni 12, hesabu itabadilika, hakikisha kwanza. Halafu lilinganishe na fidla kwa sikio. Ukiona bado vinasuguana, sogeza kidogo kidogo mpaka -1800 au hata -1700. Fuata fidla, usifuate namba.

Na mkono wa kushoto usiurudishe. Besi ipo.

Mwana Mvita
Kijana, ukimaliza tuletee na wimbo wa hamoniamu, tuone kama watu hawa watausikiliza kwa heshima hiyohiyo.

Desibeli
Leta traki ya dumbak peke yake, bila kompresa. Ile "tak" naona haikuuliwa na limita tu, maiki ilikuwa karibu mno na ngozi na inavunjika kila pigo kubwa, kwa mfano 0:48. Kama imevunjika kwenye kurekodi, hakuna plagini ya kuirudisha ilivyokuwa. Urudie, maiki iwe sentimita 40, na kilele kisivuke -10.