Mjadala: Ndoto na unabii wa Masihi, tufasiri hadi wapi?

Mleta mada, Kisumu

Naomba tujadili jambo ambalo limezua ubishi katika makanisa mengi ya hapa Kisumu. Ndoto na maono ya Biblia, hasa yale yanayohusishwa na kuja kwa Masihi, yafasiriwe hadi wapi? Msimamo wangu nautaja mapema: pale Biblia inapojifasiri yenyewe tuushike ufasiri huo, na pale inaponyamaza mhubiri naye anyamaze, au angalau awaambie wasikilizaji kwamba sasa anatoa maoni yake.

Hivi karibuni, katika mahubiri ya hadhara pale Kondele, palitundikwa kitambaa kirefu kilichochorwa ile sanamu ambayo mfalme Nebukadreza aliiota katika Danieli sura ya 2. Kichwa kilipakwa rangi ya dhahabu na kuandikwa Babeli, 605–539 KK. Kifua cha fedha, Umedi na Uajemi, hadi 331. Tumbo la shaba, Uyunani, hadi 168. Miguu ya chuma, Rumi, hadi mwaka 476 BK. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi mkubwa. Kwenye nyayo, zile za chuma na udongo, kulikuwa na kikaratasi kipya kilichobandikwa kwa gundi, kimeandikwa BRICS, yaani ule muungano wa Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao, na chini yake kikaonekana nusu ya kikaratasi cha zamani kilichosomeka "Umoja wa U". Mhubiri akaeleza kwa sauti ya uhakika kabisa kwamba vidole ni kumi, na muungano huo sasa una nchi kumi, kwa hiyo lile jiwe lililochongwa bila mikono, yaani Masihi katika kurudi kwake, li mlangoni.

Nilifungua Danieli 2 palepale. Sura inataja vidole vya miguu, lakini haisemi popote kwamba ni kumi. Idadi hiyo tunaichukua kwenye pembe za mnyama wa sura ya 7 na kuileta huku. Tena katika sanamu nzima Danieli anataja jina moja tu, pale anapomwambia mfalme, "wewe u kichwa kile cha dhahabu." Majina mengine tunayapata kwingine, hasa sura ya 8, ambako malaika anasema waziwazi kwamba kondoo dume ni wafalme wa Umedi na Uajemi na beberu ni mfalme wa Uyunani. Huo ni ufasiri uliomo ndani ya andiko, nami naupokea. Kikaratasi cha gundi hakimo.

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba hesabu hii si ngeni. Uyunani ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1981, wanachama wakatimia kumi, na wahubiri wengi duniani wakatangaza kwamba vidole vimekamilika. Mwaka 1986 Uhispania na Ureno zikaingia, wakawa kumi na wawili. Leo ni nchi 27, hata baada ya Uingereza kujitoa. Sikumbuki kusikia mhubiri yeyote akirudi jukwaani kuomba radhi.

Wala si wahubiri wa mitaani peke yao. Balaamu alitabiri kwamba nyota itatokea katika Yakobo (Hesabu 24:17), na kwa mujibu wa mapokeo ya Kiyahudi, rabi Akiva, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Wayahudi, alimwona Simon bar Kosiba kuwa ndiye mfalme Masihi, ambaye wafuasi wake walimwita Bar Kokhba, mwana wa nyota. Uasi dhidi ya Rumi ulianza mwaka 132 na kuzimwa mwaka 135 kwa umwagaji wa damu usiosemeka. Huko Marekani, William Miller alizipiga hesabu siku 2,300 za Danieli 8:14, na wafuasi wake wakangoja Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844 hadi kukapambazuka. Hao walikuwa watu wacha Mungu na wasomaji makini. Makini hayo hayakutosha.

Mzee wa kanisa, Kendu Bay

Ndugu yangu, nimekusoma kwa utulivu, na kuhusu kikaratasi cha BRICS nakubaliana nawe bila kusita. Lakini usimtupe mtoto wa watu kwa kosa la jirani. Kanisa letu la Waadventista Wasabato liko Gendia tangu mwaka 1906, na tangu utoto nimefundishwa kwamba unabii wa Danieli ni mstari mmoja usiokatika, kuanzia Babeli hadi ufalme wa Mungu. Wapo wanaosema kwamba yote yaliishia kwa Antioko Epifane, yule mfalme aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Kama ndivyo, mbona Bwana Yesu, miaka zaidi ya mia na tisini baadaye, anawaambia wanafunzi wake kwamba watakapoliona chukizo la uharibifu lililonenwa na nabii Danieli, asomaye na afahamu? Kwake yeye Danieli alikuwa hajafungwa.

Umetaja 1844 kama aibu. Sisi tunasema tarehe ilikuwa sahihi, tukio ndilo lililoeleweka vibaya. Patakatifu panapotajwa katika mstari huo kwamba patatakaswa ni pa mbinguni. Hata hivyo acha hilo, nitazame majuma sabini ya Danieli sura ya 9, yanayohesabiwa tangu amri ya kuujenga upya Yerusalemu hadi Masihi. Hesabu siku kwa mwaka, kama Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6 zinavyofundisha. Anzia amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, mwaka 457 KK, iliyo katika Ezra sura ya 7. Majuma 69 ni miaka 483, na kwa kuwa hakuna mwaka sufuri, unafika mwaka 27 BK, ambao ndio tunaouhesabu kuwa mwaka wa ubatizo wa Yesu katika Yordani. Je, huko nako kuna gundi?

Mwanafunzi, Njoro, Nakuru

Wazee wangu, nawasalimu. Swali langu linaanzia nyuma zaidi. Isaya 7:14, ile ya bikira atakayezaa mwana, ambayo tunaisoma kila Krismasi, alipewa mfalme Ahazi wa Yuda alipotishwa na wafalme wa Shamu na wa Israeli, karibu mwaka 735 KK. Ishara ilikuwa kwamba kabla mtoto huyo hajajua kukataa ubaya na kuchagua wema, nchi za wafalme hao wawili zitaachwa ukiwa. Ahazi angefarijika vipi kwa mtoto wa miaka mia saba baadaye? Tena Isaya 45:1 inamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Mungu wa Israeli, masihi wa Bwana. Nionavyo mimi, manabii walisema na watu wa siku zao, na sisi ndio tuliowavalisha kanzu ya baadaye.

Mleta mada

Nianze na mwanafunzi, kwa sababu hoja yake inafupishika. Unasema kweli kuhusu Ahazi na kuhusu Koreshi, na anayekataa hayo hajasoma sura nzima. Lakini Mathayo naye aliijua sura nzima. Anapoandika kwamba Yesu kurudi kutoka Misri kulitimiza neno la Hosea, "kutoka Misri nalimwita mwanangu," alijua fika kwamba Hosea alikuwa akizungumzia taifa la Israeli na kutoka utumwani. Mitume walianza na Yesu waliyemwona, kisha wakarudi kwa manabii na kukuta sura yake imechorwa katika mambo ya kale. Mtu anaweza kuukubali usomaji huo au kuukataa, lakini auelewe ulivyo: unatoka kwenye tukio lililotokea kurudi kwenye andiko. Huyu wa Kondele anatoka kwenye andiko kwenda kwenye tukio ambalo bado.

Mzee wangu, hesabu yako ni nadhifu kuliko zote nilizowahi kuziona, na hakuna gundi. Ninachokiona ni mlango wa kuingilia. Amri zinazoweza kutajwa ni kadhaa: ya Koreshi mwaka 538, ya Dario karibu 520, ya Artashasta 457, na ruhusa aliyopewa Nehemia mwaka 444. Wapo ndugu wengine, nao wacha Mungu, wanaoanzia kwa Nehemia kwa sababu ndiye aliyejenga kuta zinazotajwa katika sura hiyo, kisha wanahesabu miaka ya siku 360, nao wanafika kwenye wiki ya kusulubiwa. Ninyi mnatumia miaka ya kawaida na kufika kwenye ubatizo. Kila upande unaijua mapema safari inakoishia, halafu unachagua kituo cha kuanzia. Sikatai kwamba sura ya 9 inamhusu Kristo. Nakataa kumwambia muumini kwamba hesabu hiyo haina nafasi ya kuchagua.

Mama wa Kanisa la Roho, Siaya

Bwana asifiwe. Nimewasoma ninyi wanaume mnavyogawana miaka, nikajiuliza kama mnakumbuka kwamba ndoto bado zinaotwa. Yoeli 2:28 inasema wazee wenu wataota ndoto na vijana wenu wataona maono, na Petro siku ya Pentekoste akasema ndiyo hayo. Johana Owalo alisimulia maono aliyoyapata mwaka 1907, na katika hayo kukatoka kanisa la Nomiya. Makanisa yetu ya Roho hayakusubiri kitambaa cha mtu.

Nanyi nawauliza, katika hiyo sanamu yenu Mwafrika yuko wapi? Kichwa Babeli, tumbo Uyunani, miguu Rumi, vidole Ulaya. Watoto wetu wanatazama historia ya wokovu nzima ikipita na hawamo. Mnawashangaa waumini wa kanisa la Legio Maria kwa kumwona Simeo Ondeto, aliyefariki mwaka 1991, kuwa Masihi aliyewajia watu weusi. Mimi si wa Legio, na sikubaliani nao katika hilo. Lakini wale watu walikuwa na njaa, na ninyi mliwapa jedwali la wafalme wa kizungu.

Mleta mada

Mama, neno lako limenipata, na sitalijibu kwa haraka. Ni kweli kwamba jedwali lile lilichorwa na watu waliojiona wao ndio mwisho wa historia, nasi tukalipokea pamoja na vitabu vya nyimbo. Kubandika BRICS kwa sababu kuna Afrika Kusini, Misri na Ethiopia ndani yake ni jaribio lile lile la kutuingiza kwa mlango wa nyuma. Ila sioni kwamba dawa ni kututafutia kidole.

Kuhusu ndoto zinazootwa leo, tazama kitu kimoja katika Mathayo sura ya 1 na ya 2. Zimo ndoto tano kuhusu Masihi: nne za Yusufu mumewe Mariamu na moja ya mamajusi. Hakuna hata moja yenye mnyama, pembe au ng'ombe waliokonda. Usiogope kumchukua Mariamu, ondoka ukimbilie Misri, rudi, jihadhari, msirudi kwa Herode. Hazikuhitaji mfasiri, wala hakuna aliyezitoza sadaka. Ndoto zenye mafumbo, nyingi kati yake, waliota watawala na watumishi wao wa mataifa mengine: mnyweshaji na mwokaji wa Misri, Farao, Nebukadreza. Na Yusufu wa Mwanzo alipofasiri, alitoa muda ambao msikilizaji angeweza kuupima: siku tatu kwa mnyweshaji, miaka saba ya shibe na saba ya njaa kwa Farao, pamoja na shauri la kuweka akiba sehemu ya tano ya mavuno. Anayeota leo kwamba yeye ndiye, au kwamba fulani ndiye, anatupa nini cha kupima? Mwaka 2023 tuliona Bungoma mtu anayejiita Yesu akikamatwa na baadaye kuachiliwa, na mwaka huohuo kule Shakahola ikafukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja. Siyalinganishi mambo hayo mawili, kwa maana yule wa Bungoma sijasikia amemwua mtu. Nasema tu kwamba swali la nani anafasiri, na kwa kipimo gani, si la wasomi peke yao.

Na Mwafrika yumo, Mama. Matendo 8 inamweka garini towashi wa Kushi, akisoma Isaya 53 kwa sauti, naye ndiye anayeuliza swali ambalo sote tunalizunguka hapa: nabii anasema haya kwa habari za nani, zake mwenyewe au za mtu mwingine?

Mzee wa kanisa, Kendu Bay

Umenipa fimbo mkononi, ndugu yangu. Towashi yule alipoulizwa na Filipo kama anafahamu anayoyasoma, alijibu kwamba hawezi kufahamu mtu asipomwongoza. Filipo hakumwambia anyamaze pale andiko liliponyamaza. Alipanda garini akafasiri. Na kama utanikumbusha kwamba Danieli mwenyewe alikiri kutoyaelewa maono yake, na kwamba aliambiwa maneno yametiwa muhuri hata wakati wa mwisho, nitakufungulia Ufunuo 22:10, ambako Yohana anakatazwa kuyatia muhuri maneno ya unabii kwa maana wakati u karibu. Muhuri umeondolewa. Kwa nini unataka kuurudisha?

Mleta mada

Hoja ya Ufunuo 22:10 ni nzito, na kati ya yote yaliyosemwa hapa ndiyo inayonibana zaidi. Kuhusu Filipo, yeye alifasiri kifo ambacho kilikuwa kimetokea Yerusalemu na watu wakakiona, si kidole cha kesho. Lakini Ufunuo ni kweli unatazama mbele, na ni kweli umeachwa wazi. Basi nitazame unavyojifungua wenyewe. Vinara saba ni makanisa saba (1:20). Maji mengi ni jamaa na makutano na mataifa (17:15). Vichwa saba vya mnyama ni milima saba, tena ni wafalme saba, watano wamekwisha kuanguka na mmoja yupo, kwa hiyo hata msomaji wa karne ya kwanza alikuwa na pa kushika. Zile pembe kumi ni wafalme kumi ambao, Yohana anasema, hawajapokea ufalme bado (17:12). Hapo kitabu kilichofunguliwa muhuri kinataja idadi, kinataja watakachofanya pamoja na yule mnyama, na hakitaji nchi hata moja. Mzee wangu, ukinionyesha mstari unaozitaja, kitambaa cha kuchorea nitakinunua mimi.