Kundi la Mtaa, Bonde la Msimbazi: zamu ya mvua

Mama Sauda Mjumbe 19:42
Habari za jioni. TMA, watu wa hali ya hewa, wametoa angalizo la mvua kubwa, Dar es Salaam imo. Ni ile rangi ya njano, bado si chungwa wala nyekundu. Taarifa yenyewe nimeiweka hapo juu, tazameni tarehe kwanza ndipo mfowadi. Nataka watu wa zamu ya kuangalia maji usiku: saa 4 mpaka saa 7, na saa 7 mpaka saa 10. Msiniwekee mikono tu 🙏

Mama Zulfa 19:44
🙏

Chidi Boda 19:55
[picha]
Jamani daraja limeshafunikwa!!! Mtumie kila mtu

Mama Sauda Mjumbe 19:56
Umepiga wewe?

Chidi Boda 19:57
Nimetumiwa

Bakari Fundi Simu 19:58
Ina mishale miwili juu. Imepita mikono mitano au zaidi kabla ya kufika humu. Na saa inayoonekana ni ya wewe kuifowadi, si ya picha kupigwa. Halafu kuza hapo kushoto, duka la Mangi. Ukuta ni kijani. Mangi kapaka njano tangu Idi.

Mangi 19:59
Njano ya yai la kienyeji 😂

Chidi Boda 20:00
Mangi rangi haijabaki? Choo changu kinalia

Mama Sauda Mjumbe 20:01
CHIDI FUTA. Kwa wote, si kwako peke yako.

Bakari Fundi Simu 20:03
Na kundi la boda ulikoituma? Kufuta hapa hakufuti kule. Kaandike kule kwamba ni ya zamani.

Mama Sauda Mjumbe 20:10
Ujumbe wa leo uwe maandishi: saa ngapi, wapi, nini, nani kaona. Mfano: "Saa 3:20 usiku. Kivuko cha mbao nyuma ya msikiti. Maji ngazi ya pili, yanapanda. Nimeona mwenyewe." Basi. Mtu anaandika "maji yamefika hapa". Hapa wapi?

Mama Zulfa 20:12
Na voisi? Mimi kuandika nachoka

Bakari Fundi Simu 20:15
Mtandao ukiwa mzito voisi ya dakika 3 haishuki, inazunguka tu. Ikishuka nayo, lazima uisikilize yote ndipo ujue ni kivuko kipi. Data ikigoma tuma SMS ya kawaida, hiyo mara nyingi hupita. Zimeni picha na video zisijipakue zenyewe, la sivyo bando linaisha kabla ya saa 6. Lokesheni tuma ile ya kusimama, mara moja. Ya kutembea inakula chaji, aiwashe anayeingia kwenye maji tu, saa 1 inatosha. Ikikuandikia usahihi mita 60 usitume kwanza, toka chini ya bati mpaka mita zipungue. Mita 60 huku kwetu ni nyumba ngapi?

Hamisi 20:17
Na ile spika ya kutangazia?

Mama Sauda Mjumbe 20:17
Hamisi, spika si ya leo.

Hamisi 20:18
Masika si ya leo. Vuli si ya leo. Elfu tano tano tulitoa.

Mangi 20:19
Mie elfu kumi

Mama Sauda Mjumbe 20:20
Mhazini yumo humu, tiki zake za bluu naziona.

Shangazi Pugu 20:36
Saa 2:35 usiku. Pugu. Mvua nzito tangu saa 1, mtaro wa barabarani umejaa mpaka juu. Nimeona mwenyewe.

Mama Sauda Mjumbe 20:37
Mmeona ujumbe? Hapa kwetu pakavu, kuna mtu kaanika nguo. Maji ya Pugu ndiyo yanayoshuka kwetu. Bakari, bahari vipi?

Bakari Fundi Simu 20:39
Bamvua, maji makubwa. Inajaa saa 10 alfajiri, mto utakosa pa kumwaga. Zamu ya pili ndiyo yenye kazi.

Nasra 20:44
Shikamooni. Babu Kondo anasema niandike hivi: "Nyumba 4 za ukingoni hazina simu ya kupangusa, na yangu imo. Mkimaliza kuandikiana, nani atatugongea mlango?"

Mama Sauda Mjumbe 21:09
Shikamoo Babu.

Chidi Boda 21:11
Shikamoo Babu. Nagonga mimi, kwako na kwa Bi Mwajuma. Zamu ya saa 4 niandikeni.

Mama Sauda Mjumbe 21:12
Ahsante mwanangu. Mbili zilizobaki? Na saa 7? Tupo 86 humu.

Mangi 21:30
Mie duka nafungua saa 11... labda

Mama Sauda Mjumbe 21:31
Basi nafunga kundi, waandike maadmini tu, utani umezidi.

Bakari Fundi Simu 21:32
Usifunge Mjumbe. Atakayeona maji saa 8 atakwambia kwa njia gani? Pini ule mfano wako na namba ya Zimamoto, 114. Na jamani, kuandika humu si kupiga simu. Apige mmoja, kisha aandike "nimepiga 114" na saa. Bila hivyo kila mtu atadhani mwenzake kapiga.

Mama Sauda Mjumbe 21:34
Nimepini.

Jirani Mpya 22:41
Samahani, kuna anayeuza mtungi mdogo wa gesi?

Shangazi Pugu 22:48
Saa 4:48 usiku. Pugu. Haijakatika.

Mama Sauda Mjumbe 22:49
Saa 7 kachukua nani?

Hamisi 23:20
Spika ipo kwa nani?