Langhe au Alto Adige? Siku 7 za mvinyo na sida kaskazini mwa Italia

Msafiri wa Tanga
Salaam wote. Mimi na mke wangu tutatua Milano mwanzoni mwa Oktoba, na tuna siku saba za kuwatembelea watengenezaji wa mvinyo. Mimi nina hamu ya Barolo, mvinyo mwekundu wa huko Langhe, ilhali mwenzangu haupendi mvinyo mwekundu wenye ukakasi. Yeye anataka sida, yaani kinywaji cha matufaha yaliyochachushwa. Tunapima njia mbili. Ya kwanza ni kukodi gari na kukaa katika vilima vya Langhe, kusini mwa Torino. Ya pili ni kupanda treni hadi Bolzano, Alto Adige, ambako mashamba ya mizabibu na ya matufaha yamepakana. Ninyi mliotangulia, mngechagua ipi?

Mkaazi wa Torino
Karibu sana, ndugu. Kwa mvinyo peke yake, naona Langhe haina mpinzani. Barolo hutengenezwa kwa zabibu za Nebbiolo tu, katika eneo la wilaya 11 ndogo, na kanuni zinautaka ukae miezi isiyopungua 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Faida ya kufika mwenyewe ni kuonja tofauti ambayo chupa moja haiwezi kukueleza: mvinyo wa La Morra kwa kawaida ni laini na unanukia maua, lakini ule wa Serralunga d'Alba, kilomita chache tu kutoka hapo, hukaza ulimi na fizi kama uliyeng'ata ndizi mbichi, na ndio unaovumilia miaka mingi chupani. Wenyeji watakwambia kwamba tofauti hiyo inatoka kwenye udongo.

Tahadhari yangu ni moja. Oktoba Nebbiolo huwa inavunwa, na katika nyumba ndogo ndogo yule ambaye angekupokea ndiye huyo huyo anayepokea zabibu kutoka shambani. Andikeni wiki kadhaa mapema, msitegemee kubisha hodi. Mkikosa nafasi, ndani ya ngome ya Barolo pana mahali pa kuonjea mvinyo wa watengenezaji wengi, na kijiji cha Barbaresco nako pako, ndani ya lililokuwa kanisa la San Donato. Jueni pia kwamba msimu huo mji wa Alba huwa na maonyesho ya trufo nyeupe, ule uyoga wa chini ya ardhi unaotafutwa kwa pua za mbwa, hivyo vyumba hupanda bei.

Dereva Mstaafu
Kabla ya kuulizana kuhusu ukakasi, nani ataendesha? Kijiji cha Barolo hakina stesheni, na kiwango cha pombe kinachoruhusiwa Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Kwa mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu ni sifuri kabisa. Leseni ya Tanzania iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi. Jihadharini pia na maeneo ya katikati ya miji yaliyoandikwa ZTL, yaani yasiyoruhusu magari yasiyo na kibali. Mimi niliingia katika mojawapo nikitafuta hoteli, kamera ikanipiga picha bila mimi kujua, na miezi kadhaa baadaye nilipokea barua ya faini, pamoja na ada ya kampuni iliyonikodisha gari kwa kazi ya kutoa jina langu.

Bi Reli
Shikamoo, Dereva Mstaafu. Hoja yako ndiyo iliyonipeleka Alto Adige. Kutoka Milano unabadilisha treni Verona, unapanda na bonde la mto Adige, na ukishafika Bolzano mabasi yanakufikisha vijiji vya mvinyo vya Caldaro na Termeno. Nyumba nyingi za wageni hukupa kadi ya kupandia mabasi na treni za mkoa bila malipo. Ulizeni kabla ya kulipia chumba.

Kuhusu sida, wasiwadanganye kwamba kila penye matufaha pana sida. Sehemu kubwa ya mavuno ya huko huuzwa kama tunda la kula, na watengenezaji wa sida ni wachache. Ninaowafahamu mimi ni Floribunda, wa Salorno, wanaotumia matufaha ya kilimo hai. Ile niliyoonja ilikuwa kavu, yenye mapovu madogo na ukungu kidogo kwa sababu masalia ya hamira yalikuwa yametulia chini ya chupa. Ukimimina polepole glasi ya kwanza inatoka angavu, na ya mwisho inakuwa nzito yenye ladha ya ganda la tufaha.

Mkulima wa Hombolo
Kwetu Dodoma mizabibu ilianzishwa na wamisionari wa Kiitalia, kwa hiyo nilikwenda kule kama anayekwenda kwa wajomba. Mwambie ndugu yetu kwamba Alto Adige hatanyimwa mvinyo mwekundu: Lagrein ya Bolzano, ambayo watawa wa monasteri ya Muri-Gries wanaitengeneza ndani ya mji wenyewe, ni nyeusi na ina nguvu, na Schiava ni nyepesi kiasi kwamba hata shemeji yetu ataimaliza. Mizabibu ya zamani ya Schiava hutandazwa juu ya fito kama dari, na mvunaji huchuma akiwa kivulini.

Mkaazi wa Torino
Lagrein ni nzuri, lakini si Barolo.

Msafiri wa Tanga
Nakubali, na kwa hiyo tumegawana. Usiku nne tutalala Bolzano, kisha tutarudi kwa treni hadi Torino, na siku moja tutakwenda Alba kwa reli na kumlipa dereva atuzungushe La Morra na Serralunga. Swali la mwisho: barua ya kuomba kuwatembelea Floribunda huko Salorno niiandike kwa lugha gani?

Bi Reli
Kiitalia au Kijerumani, zote ni rasmi mkoani humo. Taja siku mbili mbadala, na isiwe Jumapili.