Walinzi wa kando ya mto Thames wamenivuruga, nani kawaambia kupiga picha daraja ni kosa?

Wakuu, nina hasira sijui hata nianzie wapi. Nilikuwa London napiga picha kando ya mto Thames, nimeanzia Westminster, nikapiga mnara wa saa wa bunge, London Eye, nikateremka na njia ya ukingo wa kusini mpaka karibu na Tower Bridge, kote huko hakuna aliyenigusa.

Sasa lile daraja lilianza kutumika 1894 na mpaka leo linanyanyuka meli zipite, kama mara 800 hivi kwa mwaka, ratiba inawekwa mtandaoni mapema. Nikatafuta siku ambayo linanyanyuka jioni, jua linapiga minara kutokea magharibi na maji yamejaa, maana pale mto unajaa na kupwa kufuata bahari, na siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida) tofauti inapita mita 6, maji yakitoka unabaki na tope tu mbele ya picha. Nimefunga kamera kwenye stendi, filta ipo, nasubiri. Magari yakasimamishwa, vipande viwili vya barabara vikaanza kuachana, na hapohapo mlinzi mmoja mwenye redio begani akaja kusimama MBELE YA LENZI, kanyoosha mkono, "una kibali?" Namwomba dakika mbili tu nimalize nitoke, hataki, anaongea na redio yake, daraja linashuka nyuma ya bega lake mi naangalia tu.

Na watu wamejaa pale na simu zao wanarekodi, hasumbuliwi hata mmoja! Yaani stendi ya miguu mitatu ndo inakufanya mhalifu.

Halafu akaniambia eti sheria ya ugaidi inakataza, nifute picha zote. Uongo mtupu. Uingereza huhitaji kibali kupiga picha sehemu ya umma, polisi wa London wenyewe wanasema hivyo, na mlinzi hana mamlaka ya kukunyang'anya kamera wala kukufutisha kitu. Kile kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya 2000, cha polisi kumsimamisha na kumpekua mtu bila hata kumshuku, walichokuwa wanasumbulia wapiga picha, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikikataa 2010 na kikafutwa. Hata sheria ya hakimiliki ya 1988 inakuruhusu kupiga picha jengo lolote.

Kinachowapa kiburi ni kwamba njia ile unaiona ya kila mtu kumbe kuna vipande ni ardhi ya makampuni, na mwenye ardhi ana haki ya kukwambia ondoka. Sawa, basi wekeni kibao! Pale nilipokuwa hakuna kibao, hakuna alama, lami ni ileile, utajuaje umeshaingia kwa mtu?

Sikufuta hata picha moja na malalamiko nimeshawaandikia. Mwenye kujua sehemu ya ukingo ambayo ni ya halmashauri kabisa na daraja linaonekana lote aitaje hapa, kuna meli nyingine inapita na lazima niipate.