Njia ya Mto McKenzie, Oregon: Sahalie hadi Blue Pool kwa siku moja na watoto?

Mwenda_Eugene
Habari wakuu. Tupo Eugene, na Julai nataka kuwapeleka watoto wawili, wa miaka 7 na 10, kwenye njia ya Mto McKenzie. Kwenye ramani naona unaweza kushuka na mto kuanzia maporomoko ya Sahalie, ukapita Koosah, ukatokea kwenye bwawa la Blue Pool, linaloitwa pia Tamolitch. Tuna gari moja tu. Je, siku moja inatosha? Na kule kwenye mawe ya lava (ya volkano iliyopoa), raba za kawaida zinafaa? Watoto wanataka pia kuogelea.

KandoYaMto
Mtu mzima anamaliza vizuri tu. Kwa gari moja na mtoto wa miaka 7, sishauri. Kutoka Sahalie hadi maegesho ya Blue Pool ni zaidi ya kilomita 10, na mkifika chini gari lenu liko juu. Igaweni safari vipande viwili, katikati muendeshe kwa barabara ya 126.

Asubuhi anzeni na maporomoko. Sahalie ina kimo cha mita 30 hivi, Koosah kama 21, na kutoka moja hadi jingine haifiki kilomita. Kuna mzunguko wa kilomita 4 hivi unaoshuka na mto hadi bwawa la Carmen, kisha unarudi kwa ng'ambo ya pili. Karibu na Sahalie rasharasha ya maji hulowesha mawe na mizizi, kwa hiyo mshikeni mdogo mkono na asivuke uzio. Njia kuu hutumiwa na baiskeli pia. Mtoto asitangulie peke yake kwenye kona.

Jiwe_Jeusi
Mkuu hapo juu nakubaliana naye, isipokuwa mpangilio. Geuzeni: Blue Pool kwanza. Maegesho yake ni madogo na wikendi za kiangazi hujaa mapema. Saa 2 asubuhi muwe mmefika.

Kwenda na kurudi ni kilomita 6 hivi. Nusu ya kwanza ni msitu, udongo laini, hata raba zinatosha. Nusu ya pili ndiyo inayochosha: lava kavu, yenye makali, mawe yanayocheza ukiyakanyaga, na mwendo wa watoto hushuka hadi kilomita 2 kwa saa. Soli laini hupinda juu ya ncha za mawe, kifundo cha mguu kikateguka. Vaeni buti zenye soli ngumu na shingo inayobana kifundo. Kandambili hapana kabisa. Msikanyage mimea laini ya kijani (moss) pembeni mwa njia, maana mara nyingi imefunika shimo kati ya mawe. Kwa watoto tengeni muda wa masaa 3 kamili, na kila mtu abebe maji yasiyopungua lita 1. Simu hazishiki mtandao huko, kwa hiyo pakueni ramani mkiwa bado mjini.

Chemchemi
Kuhusu kuogelea: dada au kaka, hapana, tafadhali. Maji ya Blue Pool yana nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi hata Julai, kwa sababu yanatoka chini ya ardhi. Mto unazama ndani ya lava ya zamani chini ya bwawa la Carmen (maji ya bwawa lenyewe huelekezwa kwa handaki kwenda kuzalisha umeme), na juu unabaki mkondo mkavu wa mawe. Maji huibuka tena hapo Blue Pool, chini ya genge. Ndiyo maana kwa kawaida hamtaona maporomoko yakimwagika hapo.

Mtu akiingia kwenye maji ya baridi hiyo, pumzi hukatika ghafla naye huvuta hewa bila kupenda. Kichwa kikiwa chini, anavuta maji. Dakika chache baadaye mikono haishiki tena jiwe. Wapo waliokufa kwa kuruka kutoka kwenye genge, na majeruhi hutolewa kwa machela juu ya ile ile lava, kazi ya masaa. Watoto watazame kutoka juu, hatua kadhaa nyuma ya ukingo.

Wakitaka kucheza na maji, Ziwa Clear liko juu kidogo ya Sahalie na hukodishwa mitumbwi ya makasia. Lava iliziba bonde hilo miaka kama 3,000 iliyopita, na miti iliyozama bado imesimama chini ya maji. Kukiwa hakuna upepo mtaiona mkiwa ndani ya mtumbwi. Maboya wavae wote, wakubwa pia, kwa sababu maji ya hapo nayo ni baridi vilevile.

Mwenda_Eugene
Asanteni sana. Blue Pool saa 2, Sahalie na Koosah mchana, mtumbwi muda ukiruhusu. Buti nanunua wiki hii ili wazizoee kwanza.